Kisu Hakipokelewi Mkononi

“Wewe si umesoma? Hebu niambie, hii kisu ilianza kuwa silaha tukiwa wapi?”

Mama aliniuliza hivyo tukiwa kwenye benchi la kituo cha polisi, saa moja asubuhi, yeye akiwa mshukiwa na mimi nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia. Kisu chenyewe kilikuwa kimelala juu ya kaunta, karibu na kikombe cha chai cha ofisa wa zamu. Kilikuwa kisu cha jikoni, mpini wake wa mbao umekazwa kwa waya, bapa lake limenolewa miaka mingi hadi likawa jembamba kama jani la muhindi. Tulipotoka nyumbani Kambi Muru, Kibera, kilikuwa kisu. Tulipopita Makina, wazee wakitoka kuswali alfajiri, kilikuwa bado kisu. Kufika Ayany kikawa kielelezo. Kwa hiyo swali la Mama lilikuwa la haki kabisa, karibu la jiografia, na mimi niliyekuwa na majibu ya mambo mengi ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, sikuwa na jibu.

“Ngoja nitafute,” nikamwambia.

“Tafuta basi,” akasema. “Niko hapa.”

Wiki hiyo wahadhiri walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo nilikuwa nyumbani nikiwafundisha majirani mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimemaliza kufundishwa. Nilikuwa na maoni juu ya maji, juu ya makanisa, juu ya bei ya choo cha plotini, na juu ya kwa nini watu wanaamka mapema hivyo. Mama aliniambia kama maoni yangu yana mikono, yaamke saa kumi na moja yambebee kikapu cha vitunguu hadi Kawangware.

Mama aliuza mboga Kawangware, mbele ya geti la mjane mmoja, mzaliwa wa pale pale, mwenye ploti. Zamani tulikuwa wapangaji wake. Kisha mjane akaamua kujenga gorofa, akabomoa vyumba vyetu vya mabati, tukahamia Kibera. Kibanda cha Mama hakukibomoa. Alisema hakuna mtu mwingine anayejua kukata sukuma wiki kama anavyoipenda, nyembamba kama nyuzi. Kwa hiyo mpangaji alifukuzwa na mboga zikabaki. Nilipomwuliza Mama kama haoni ubaya wowote katika mpango huo, alisema anaona kibanda.

Lakini mwezi ule kulikuwa na jambo jipya. Shule moja ya jirani na kibanda ilikuwa inatafuta mpishi, na mwalimu mkuu alikuwa mteja wa Mama. Kazi ilikuwa yake. Ya ndani, yenye paa, yenye mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni karatasi moja tu: cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Mama alikuwa amelisha nusu ya mtaa ule kwa miaka kumi na hakuna aliyekufa, lakini kabla hujakubaliwa kuwapikia watoto githeri, serikali lazima kwanza iulize vidole vyako vimewahi kufanya nini. Alikuwa aende kuchukuliwa alama za vidole Jumatatu. Sisi tulikamatwa Alhamisi.

Nasema tulikamatwa kwa adabu tu. Aliyekamatwa ni yeye. Aliyesababisha ni mimi.

Polisi walikuwa wamesimama kando ya njia, Ayany, wakifanya msako. Wanaume walipangwa mstari, mikono juu, wakipapaswa mifuko. Wanawake tulikuwa tunapita kando, kwa ule upendeleo wa kudhaniwa kwamba hatuwezi kumdhuru mtu. Tungepita na sisi. Lakini Mama alihamisha mzigo kutoka bega moja hadi lingine, leso aliyojifunga kiunoni ikalegea, na mpini wa kisu ukachungulia.

“Mathe, ngoja,” akasema ofisa mmoja kijana. “Hiyo ni nini hapo kiunoni?”

“Kisu, afande.”

“Kisu ya nini?”

“Nauza mboga Kawangware.”

“Sasa mbona umeificha na leso kama mtoto?”

“Na niibebe aje? Niishike mkononi hivi, nitembee nayo watu wakiniona?”

Mstari mzima wa wanaume ukacheka. Mmoja, mikono bado iko juu, akasema, “Afande, achilia mathe aende. Ukimfunga, ugali tutakula na nini?”

Ofisa naye akacheka. Hili nataka lieleweke vizuri: alicheka. Mkono wake ulikuwa umeshaanza ile ishara ya kutupungia tupite, kama mtu anayefukuza kuku. Tungekuwa tumeshapita kabla hajamaliza kucheka. Lakini mimi nilikuwa nimesoma.

“Na hata kama angekuwa amebeba ya kujilinda?” nikasema. “Hii njia saa hii nani anamlinda? Nyinyi? Mbona leo ndiyo mara ya kwanza nawaona?”

Kicheko kikaisha. Ofisa akanigeukia polepole.

“Na huyu ni nani?”

“Msichana wangu,” akasema Mama. “Yuko yunivasiti.” Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa mgonjwa wake ili asamehewe.

“Ahaa. Komredi.” Akatoa kijitabu mfukoni. “Kwa hivyo ni ya kujilinda.”

“Sijasema hivyo. Nimesema hata kama…”

“Umesema. Wote wamesikia.”

Niliwatazama wale mashahidi wangu kumi na wawili wenye mikono juu. Wote walikuwa wameanza kuangalia mawingu. Mama alinifinya juu ya kiwiko, kwa kucha, mfinyo ambao alama yake nilikaa nayo wiki nzima. Hakuwa amenifinya hivyo tangu darasa la tatu.

“Leta hiyo kisu,” ofisa akasema, akanyoosha mkono.

Hapa inabidi nieleze jambo moja kuhusu mama yangu. Mama alitoka Kitui akiwa msichana mkubwa, na kimoja katika vitu vichache alivyokuja navyo ni imani kwamba kisu hakipokelewi mkononi. Ukimpa mtu kisu mkono kwa mkono, mtagombana. Anayekitoa hukiweka chini, anasogea nyuma, na anayekitaka anakiokota. Nilipokuwa mdogo nilidhani dunia nzima inafanya hivyo. Nilipoingia chuo nilijifunza kuiita imani hiyo kwa majina marefu, na nikaacha kuifuata, isipokuwa nikiwa mbele yake.

Basi Mama akafungua leso, akatoa kisu, akainama, akakiweka juu ya udongo wa murram mbele ya viatu vya ofisa, akarudi nyuma hatua mbili.

Ofisa akaruka.

“Unatupa?”

“Nimeiweka. Okota.”

“Unatupa ushahidi mbele yangu?”

“Si umesema nilete? Si hiyo hapo?”

Kituoni, maneno hayo yalipohamia kwenye kitabu cha matukio, yalikuwa yamevaa suti. Mshukiwa alipatikana na silaha hatari ikiwa imefichwa ndani ya nguo. Alipoagizwa kuitoa, aliitupa chini. Alipoulizwa sababu ya kuwa nayo, alisema ni ya kujilinda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kunukuliwa kwenye maandishi rasmi, na walimpa Mama sifa yote.

Jioni walimwachilia kwa dhamana, mimi nikitia sahihi, afike kortini kesho yake. Ofisa wa zamu, mtu mpole aliyekuwa akinywa chai mfululizo tangu asubuhi, alitupa ushauri bila kuombwa.

“Akubali tu makosa,” akaniambia. “Hakimu atamwonya, ama faini kidogo, saa sita yuko kwa kibanda. Akikataa, mtaenda na kurudi mpaka mchoke.”

“Na cheti cha tabia njema?” nikamwuliza.

Akaacha kunywa chai. “Alikuwa anataka cheti?”

“Jumatatu.”

“Haiya,” akasema, na akarudi kwenye chai yake kwa heshima, kama mtu aliyepita karibu na msiba.

Ndivyo mambo yalivyokuwa, na yalikuwa rahisi kueleweka hata kwa msomi. Kukubali kulikuwa njia fupi ya kurudi nyumbani, na mwisho wa kazi ya upishi. Kukataa kulikuwa njia ndefu, na mwisho wake haujulikani. Njiani, nilipoanza kuomba msamaha mara ya tatu, Mama alisema nikae kimya nione kama inawezekana.

Kesho yake mashtaka yakasomwa. Kupatikana na silaha ya kudhuru, imefichwa, bila sababu halali. Karani akauliza, “Ni kweli au si kweli?”

Mama aliitazama mikono yake kwanza. Nilikuwa nimeketi nyuma nikimwombea kwa Mungu ambaye mwaka wa kwanza nilikuwa nimethibitisha hayupo.

“Si kweli,” akasema.

Kesi ikapangiwa siku, wiki tano mbele. Mwalimu mkuu akaambiwa cheti kimechelewa kidogo. Akasema atasubiri hadi shule zifunguliwe, halafu itabidi atafute mtu mwingine. Alama za vidole za Jumatatu hazikuchukuliwa. Vidole vilikuwa vimeshachukuliwa kituoni, bila miadi na bila foleni. Huduma kwa wananchi imeboreka.

Wahadhiri walikuwa wamegoma lakini maktaba haikugoma, kwa hiyo nikaenda kutafuta jibu la swali la Mama. Nilitaka mstari mmoja tu: kisu huwa silaha kikifika hapa. Nilitarajia labda kipimo, urefu fulani wa bapa, inchi fulani, kitu ambacho mtu anaweza kwenda nacho kwa fundi chuma akapimiwa. Nilisoma siku tatu na sikuona kipimo popote.

Nilichoona ni hiki, kwa jinsi nilivyoelewa mimi nisiye mwanasheria. Kuna vitu vilivyotengenezwa tangu mwanzo ili kumuumiza mtu. Hivyo havihitaji maelezo. Kuna vitu vilivyobadilishwa ili viumize: chupa iliyovunjwa shingo, spoki ya baiskeli iliyochongwa ncha. Halafu kuna vitu vingine vyote duniani. Kisu cha jikoni, mwiko, nyundo, sufuria, kiatu. Hivi ni vitu tu, hadi mtu avibebe akikusudia kumdhuru mtu navyo. Siku hiyo, bila kubadilika hata kidogo, vinakuwa silaha.

Kuficha kwenyewe, ambako nilikuwa nimekutafuta kurasa kwa kurasa, hakukuwa kosa peke yake. Kulikuwa ishara tu. Mtu akificha kitu, watu huuliza anakusudia nini. Nikasema vizuri, basi Mama angekibeba wazi. Nikageuza ukurasa: kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kuwatia watu hofu, hilo nalo ni kosa, la peke yake, lina kifungu chake. Kwa hiyo mama mboga mwenye heshima zake ana njia mbili. Akifunika kisu, anashukiwa. Akikifunua, anatisha. Njia ya tatu, ya kukata sukuma kwa meno, sheria haijaizungumzia.

Na kujilinda je? Hapo ndipo nilipofunga kitabu. Unaruhusiwa kujilinda ukishambuliwa. Lakini ukibeba kitu kila siku ukimsubiri adui usiyemjua, umekibeba ili kimuumize mtu, hata kama mtu huyo anastahili. Kukusudia kwenyewe ndiko kunakokamilisha silaha. Kisu cha mama yangu kilikuwa kimekaa kiunoni pale Ayany kikiwa kitu tu, kikisubiri nia. Nia nilikiletea mimi, bure, kwa sauti, mbele ya ofisa mwenye kalamu.

Nilimweleza Mama jioni, yeye akichambua maharagwe.

“Kwa hivyo ukiificha uko na makosa, na ukiionyesha uko na makosa,” akasema.

“Inategemea nia.”

“Na nia wanaipimia na nini?”

“Mazingira.”

“Mazingira ni kitu gani?”

“Saa. Mahali. Ulichosema.”

“Nilichosema mimi?”

Nikaanza kumsaidia kuchambua maharagwe. Baada ya muda nikasema kwamba siku ya kesi atasema ukweli tu, kwamba ni kisu cha mboga, yaishe.

“Nitawaambia nauza mboga,” akasema.

“Ndiyo hivyo hivyo.”

Hatukuwa na wakili. Tulikuwa na shahidi mmoja, mwenye ploti, na nilienda Kawangware mwenyewe kumwomba aje. Alinisikiliza akiwa amesimama getini, ufunguo mkononi, hakunikaribisha ndani. Alisema yeye ni mtu wa kanisa, na kortini anaenda kwa ukweli tu. Kisha akaniuliza kama chuoni wanatufundisha kunyamaza, au hiyo iko mwaka wa nne.

Siku ya kesi ofisa alitoa ushahidi akiwa amenyooka kama mlingoti. Ilifichwa. Ilitupwa. Alikiri. Hakimu, mama wa makamo aliyening’iniza miwani shingoni, alikuwa akiandika kila kitu kwa mkono bila kuinua uso. Kisha akamwambia Mama kwamba anaweza kumwuliza shahidi maswali.

Nilikuwa nimemwandikia maswali kumi na moja kwenye karatasi, mengine yakiwa na sehemu a na b. Mama alikunja karatasi akaitia kifuani.

“Afande,” akasema, “siku hiyo ulipoiona hiyo kisu, uliogopa?”

“Hapana.”

“Ulikuwa unacheka, ama haukuwa unacheka?”

Ofisa akamtazama hakimu. Hakimu akainua uso kwa mara ya kwanza.

“Jibu swali, ofisa.”

“Nilikuwa nikitabasamu, mheshimiwa.”

Watu wakaguna. Hakimu akaandika. Kwa hiyo sasa iko kwenye rekodi za nchi: mlinzi wa usalama, akikutana na silaha hatari alfajiri, hutabasamu.

Mama alipopanda kizimbani kujitetea, mwendesha mashtaka alitoa kisu kwenye bahasha ya kaki, akamnyooshea, mpini mbele.

“Unakitambua kisu hiki?”

Mama hakunyoosha mkono.

“Nimeuliza, unakitambua? Kishike ukiangalie.”

“Kiweke hapo,” akasema Mama, akionyesha ukingo wa kizimba.

“Nimekupa mkononi.”

“Naona. Kiweke hapo.”

“Mheshimiwa,” akasema mwendesha mashtaka, akionekana mtu mwenye furaha, “rekodi ionyeshe kwamba mshtakiwa anaogopa kugusa kielelezo.”

Hakimu akaivaa miwani. “Mama, kuna shida gani?”

“Hakuna shida, mheshimiwa. Kisu hakipokelewi mkononi. Tukipeana hivi na huyu bwana tutagombana.”

“Hapa tayari mnagombana.”

“Si bado ni maneno tu?”

Korti yote ikacheka, hata karani. Hakimu hakucheka, lakini alimwambia mwendesha mashtaka akiweke. Akakiweka. Mama akakiokota, akakigeuza, akasema ndiyo, ni changu. Alipomaliza hakumrudishia mkononi. Alikilaza tena pale pale ukingoni, taratibu, makali yakimwelekea yeye mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa mbao.

Hakimu alikuwa ameacha kuandika.

“Ofisa,” akaita. Yule kijana akasimama. “Siku ile ulimwambia akupe kisu?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Akakitupa.”

“Ndiyo.”

“Kama alivyokitupa sasa hivi?”

Ofisa akakitazama kisu kilicholala ukingoni. “Karibu hivyo, mheshimiwa,” akasema.

Mwendesha mashtaka hakuwa mjinga. Aliacha kutupa, akaenda kwenye kuficha, na Mama akamwambia kwamba hata nyumbani kwake kisu hufunikwa, sembuse njiani mbele ya watoto wa watu. Kisha akafika pale nilipokuwa nikiogopa.

“Ulimwambia ofisa kwamba ni cha kujilinda?”

“Mimi sikusema.”

“Basi nani alisema?”

Mama akainua kidevu kuelekea viti vya nyuma. “Ni huyu msichana wangu. Anasemanga sana.”

Vichwa vyote vikageuka. Hakimu akanitazama juu ya miwani.

“Ni wewe?”

Nikasimama. “Ndiyo, mheshimiwa.”

“Unasomea nini?”

“Sosholojia.”

“Nilidhani,” akasema. “Kaa.”

Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yangu shahada yangu imetumika kumwokoa mtu, na ilitumika kama ushahidi wa kichaa.

Mwenye ploti aliingia na Biblia yake mwenyewe, akakataa ile ya korti kwa kuwa haijulikani nani ameishika. Akaapa kwa sauti ya mtu anayeongoza maombi. Akasema anamjua Mama miaka kumi na tatu, kama mpangaji na kama muuzaji, hajawahi kumsikia akigombana na mtu, na hukatiwa sukuma naye kila siku isipokuwa Jumapili.

“Kwa kisu hiki?” akauliza mwendesha mashtaka, akikiinua.

“Kijana,” akasema mjane, “wewe ukienda buchari, unaangalia panga ama unaangalia nyama?”

“Mimi ndiye ninayeuliza maswali.”

“Basi uliza kuhusu sukuma. Hiyo nitakujibu mpaka jioni.”

Hakimu akasema inatosha. Nadhani alikuwa na kesi nyingine ishirini nje.

Wiki moja baadaye alisoma uamuzi, na ulikuwa mfupi kuliko maelezo yangu yoyote. Kisu ni chombo cha kawaida cha kazi ya mshtakiwa. Kukifunika kuna maelezo yanayoingia akilini. Kukitupa hakukutokea. Maneno ya kukiri yalisemwa na mtu mwingine, na hayawezi kuwa nia ya mshtakiwa. Upande wa mashtaka haujathibitisha kusudi la kumdhuru yeyote. Mama yuko huru, na kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe.

Karani alitaka kumpa mkononi. Mama akagonga kaunta kwa kidole mara mbili, karani akacheka, akakiweka. Kisha akatuonya tusitoke nacho wazi mle ndani, tutashikwa mlangoni, akakirudisha kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa stapla. Tukatoka kortini na kisu kilichofichwa na serikali yenyewe.

Cheti kilitoka siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Kilisema hakuna rekodi ya kosa lolote. Mama alikiangalia pande zote mbili, akauliza kama tabia njema ni hii tu, akakitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati yake ya ubatizo. Jumatatu akaingia jikoni kwa watu, akapewa aproni na visu vitano, vyote vya shule, vikiwa vimening’inizwa ukutani wazi kabisa mbele ya watoto mia tatu, na hakuna aliyeita polisi.

Niliihadithia kesi hiyo kwa miaka. Niliihadithia kwenye mabweni, kwenye harusi, na kwenye mahojiano mawili ya kazi, na kazi zote mbili nikazikosa. Niliiboresha vizuri. Kiini chake hakikubadilika: msichana anayejua kila kitu anaweka uongo kwenye kinywa cha mama yake, uongo wa kujilinda, na mama anauondoa kwa kuweka kisu mezani. Watu walicheka palipotakiwa, na mwishoni nilikuwa nikijisuta kidogo, kwa kiasi kinachopendeza.

Mara ya mwisho niliihadithia Kawangware, sebuleni kwa mwenye ploti, tukiwa tumeenda na Mama kumjulia hali. Alikuwa amezeeka, gorofa yake imekwisha, anakaa chini kabisa kwa sababu ya magoti. Kulikuwa na wanawake wanne wa kanisani kwake, na mimi sipitwi na hadhira. Mama alikuwa jikoni akimimina chai. Nilipofika pale pa “uongo wangu wa kujilinda,” mjane akainua mkono, akanikatiza.

“Uongo gani?” akasema. “Mama yako alikuwa anapita hiyo njia peke yake na giza, kila siku ya Mungu, na mwaka mmoja kabla ya hiyo kesi wezi walikuwa wameshamwangusha hapo Ayany wakamnyang’anya kila kitu. Hakukuambia? Kisu yake ya mboga haikuwahi kwenda Kibera. Ilikuwa inalala hapa kwangu, hapo jikoni, kila jioni anaiacha, asubuhi anaichukua. Hiyo ya kiunoni ilikuwa nyingine.”